Samli ya Mama na Mrija wa Ghati

Dar es Salaam
Jumanne, mchana

Kaka Mwita,

Shikamoo. Najua ukiuona mwandiko wangu utauliza mtoto yukoje, kwa hiyo nakujibu kabla ya salamu nyingine. Ghati yupo, anaongea, na leo asubuhi amemgombeza daktari kwa kumwita Agatha. Homa imeshuka tangu juzi. Haijashuka kwa kiasi cha kuniridhisha, lakini imeshuka. Sasa na wewe nijibu: bado unakohoa? Lile vumbi la karasha, mashine yenu ya kusaga mawe ya dhahabu, ulilosema limekukaa kifuani, umelitafutia dawa au unangoja litoke lenyewe? Miguu ya mama inamsumbua bado? Mvua imefika Itiryo, au inawazungukia tu kama mwaka jana? Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho hakitulii.

Naandika barua kama watu wa zamani kwa sababu simu umenikatia. Ulisema, "Wiki ijayo nakuja kumchukua mwanangu," nikasema subiri nikueleze, ukakata. Nikapiga tena, hupatikani. Sijui uliingia shimoni au uliizima makusudi, ila mimi nakujua tangu utoto. Karatasi haina kitufe cha kukata, kaka. Utaisoma yote, hata kama unasonya. Anayekuletea ni mwalimu wa Sirari aliyekuwa anamuuguza mama yake wodi ya jirani. Anaondoka kesho alfajiri, na ameniahidi atafika mpaka Nyangoto akukabidhi mkononi.

Sasa ni mapumziko ya chakula. Nimejifungia kwenye chumba chetu cha kubadilishia sare, sahani iko pembeni, wali umepoa na hamu ya kula sina. Kila mlango unapogonga huko nje nadhani ni majibu ya maabara. Wiki iliyopita walichukua usaha kidogo kwenye kidonda cha Ghati na damu yake, wakaenda kuviotesha ili tujue ni mdudu gani aliyeingia na anauawa na dawa ipi. Majibu ya kwanza yalikuwa nusu nusu. Ya mwisho tunayangoja leo. Ndiyo maana naandika huku nimesimama.

Nianze pale simu ilipokatika. Ulisema, "Mlimtia mpira kifuani akiwa mzima, sasa mpira umemwozesha." Kaka, mzima wa wapi? Umesahau alivyokuwa anatoka damu puani mpaka sare ya shule ikaharibika? Umesahau madoa meusi miguuni, ukadhani Mama Ghati anampiga? Mtoto wa darasa la kwanza alikuwa analala darasani kama mlinzi aliyekesha. Ile ilikuwa saratani ya damu, na ilikuwa imeanza kabla hajaiona hospitali yoyote.

Na ule si mpira wa hivi hivi. Ni mrija mwembamba, sisi tunauita katheta. Unapita chini ya ngozi ya kifua, unaingia kwenye mshipa mkubwa. Dawa za saratani ni kali, zinaunguza mishipa midogo ya mkono, na Ghati mikono yake ilikuwa imeshachomwa mpaka analia akiona mtu mwenye koti jeupe. Kwa mrija ule anawekewa dawa na kutolewa damu bila sindano hata moja. Ulipowekwa alicheka. Ulikuwepo, ulimwona. Lakini pale unapotokea nje pana kitundu, na kitundu ni mlango. Dawa za saratani zinaua ugonjwa na zinaua pia askari wa mwili, kwa hiyo mdudu ambaye kwako wewe angeleta kipele tu, kwake anaweza kupanda na mrija mpaka kwenye damu. Ndicho tunachokiogopa, na ndicho kinachoninyima usingizi.

Jambo la pili ulilonirushia ni kwamba sisi wauguzi wavivu, tunamwachia mtoto plasta wiki nzima bila kuosha kidonda. Hilo sitakulaumu, hata mimi nilifundishwa hivyo hivyo. Zamani tulikuwa tunafunga kwa shashi na kufungua kila siku, tunasafisha, tunapuliza kwa mdomo pakauke haraka, tunafunga tena na kujiona tumefanya kazi. Baadaye wauguzi wa hospitali nyingi wakafuatilia watoto kwa makini, wakalinganisha, na ikaonekana kufungua fungua ndiko kunakoalika wadudu. Sasa tunatumia plasta inayoonyesha ndani. Tunapaangalia kila siku bila kupafungua. Ikikaa vizuri inafikisha wiki. Ila ikilowa, ikichafuka au ikiachia pembeni, tunabadilisha saa hiyo hiyo, tunasafisha kwa dawa yenye spiriti na kungoja pakauke penyewe. Hakuna kupuliza, hakuna kupepea. Sista Mwanahawa, mkubwa wetu wa zamu, ukipuliza anakutoa nje. Ni mama wa Pangani, mpole wa sauti, lakini hapo hana mchezo.

Kwa hiyo unaona kila kitu kinategemea ile plasta kushika ngozi. Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo nililotaka kukwambia kwenye simu.

Mama alipomtuma yule kijana wa kanisani na samli, ulijua? Kopo zima. Ni samli yake mwenyewe, maziwa ya ng'ombe wa nyumbani, imekaa kwenye kibuyu cha moshi. Akaagiza Mama Ghati ampake mtoto kifuani kila akimwogesha, kama tulivyopakwa sisi tulipougua, na aseme yale maneno ya baraka. Mama Ghati akafanya alivyoambiwa na mama mkwe wake. Ungetaka akatae?

Sisi tulikuwa tumemfundisha kwamba pale pasiguswe na maji. Nilimfundisha mimi, tena kwa Kikurya ili aelewe. Maji, maji, maji. Kuoga, maji yasifike. Kunawa, maji yasifike. Samli si maji. Alimpaka kuzunguka plasta kwa uangalifu kabisa, na plasta haishiki kwenye mafuta. Ikaanza kuachia pembe moja. Akaibana kwa kidole ikarudi. Kesho yake ikaachia tena, akapaka mate kidogo ya baraka, akaibana na kukata kipande cha plasta ya dukani akafunika juu. Tulipopita kuangalia, alikuwa amemvalisha sweta na kusema mtoto amelala.

Nilijua vipi? Kwa pua. Jumatano iliyopita niliinama kumpima joto, nikasikia harufu ya nyumbani. Kaka, sikudanganyi, kwa dakika moja nilifurahi. Nilikuwa Itiryo kabisa, nyuma ya nyumba, mama anatikisa kibuyu. Halafu nikakumbuka niko wapi nikafungua sweta. Pale mrija unapotokea palikuwa pekundu, pamevimba, na joto lilikuwa juu.

Nilimgeukia wifi yangu kwa ukali. Mbele ya kina mama wengine nilimuuliza, "Umempaka nini mtoto?" Akaangalia sakafu. Nikauliza tena. Akasema, "Sijampaka kitu." Harufu imejaa kitanda kizima, na yeye anasema hajampaka kitu. Nikapandwa na hasira, nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa.

Sista Mwanahawa akanivuta mkono. Akaniambia, "Wegesa, nenda kamwite daktari. Huyu niachie." Nilirudi nikawakuta wamekaa kitandani wote wawili. Mwanahawa anamuuliza kama mtu anayeuliza mapishi: "Na kwenu mtoto akitoka kuoga anapakwa nini? Sisi kwetu ni mafuta ya nazi." Mama Ghati akamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, na kopo akalitoa chini ya kitanda.

Nilipobaki na Mwanahawa nikamuuliza kwa nini wewe amekwambia na mimi ndugu yake amenificha. Akacheka. "Wewe si muuguzi kwake," akasema. "Kaniambia ng'ombe zako ndizo zilizomuoa. Mtu gani atamwambia mwenye ng'ombe kwamba kaharibu?"

Nilikaa chini, kaka. Miaka yote niko huku, nimevaa sare, nikadhani yale mambo yamebaki nyumbani. Kumbe wifi yangu kila nilipomwinamia mtoto alikuwa haoni muuguzi, anaona yule dada ambaye mahari yake ndiyo iliyomleta yeye kwenye mji wetu. Plasta ikiachia, angemwita muuguzi yeyote. Mimi ndiye aliyeshindwa kuniita, na zamu nyingi zilikuwa zangu. Mtu wa Pangani ndiye aliyekuja kunieleza mila yangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo simfundishi tena. Anafundishwa na Mwanahawa, na kila anachofundishwa anakirudia kwa vitendo, si kwa mdomo tu. Na wodi nzima sasa, mzazi akiingia, hatumwambii tu asilowanishe. Tunamuuliza kwenu mtoto anapakwa nini, anafungwa nini, anaombewa vipi. Mama mmoja wa Singida alitoa mafuta ya alizeti, mwingine unga wa mizizi. Hakuna aliyewahi kuulizwa. Mama Ghati ndiye sasa anawaonyesha wageni jinsi ya kutazama pembe za plasta, na mtu akitaka kugusa bila kunawa anamtazama kwa jicho lile unalolijua wewe.

Kwa hiyo nakuomba, ukifika usimguse mke wako kwa neno baya. Na mama usimwambie kwamba samli yake imemuumiza mjukuu. Mwambie imefika salama, na kwamba Ghati anaila, tunaichemsha tena na kumwekea kwenye wali, na ndiyo kitu pekee kinachomfanya amalize sahani. Huo ni ukweli mtupu. Baraka inaingia kwa mdomo, ngozi ya kifua ituachie sisi.

Nimeitwa. Nitaendelea.

Nimerudi. Ni jioni sasa, zamu imeisha, nimegoma kwenda nyumbani kabla sijamaliza. Majibu yametoka. Ni mdudu wa kwenye ngozi, wa kawaida, na dawa tuliyokwisha kuanza inamuweza. Nilitaka kushangilia lakini daktari hakushangilia. Anasema damu haina mdudu, hiyo ni heri kubwa, ila kidonda bado ni chekundu. Jumatatu, siku ya kubadilisha plasta, tunafungua na kupatazama kwa karibu. Kama wekundu umerudi nyuma, mrija unabaki na dawa za saratani zinaendelea. Kama umeenea kufuata mrija, unatolewa, mtoto anachomwa sindano upya, na matibabu yanasogezwa mbele wakati ugonjwa wenyewe hausubiri. Basi tangu hapo nazunguka. Nimepita kitandani kwake mara nyingi mpaka ameniambia, "Shangazi, kaa chini, unanichosha."

Sasa tuje kwako na hiyo rashi yenu ya kukimbilia dhahabu. Umesema duara, hilo shimo lenu, limetema dhahabu, kwamba safari hii ni kweli, kwamba watu wanatoka Geita na mpaka Kenya kuja kulala kwenye maturubai hapo Nyangoto. Nakutakia heri kwa moyo wote. Lakini duara lako limetema mara ngapi, kaka? Lilitema mwaka ule ukauza jembe la kukokotwa. Likatema tena ukahamia hapo, shamba la Itiryo likaota magugu. Sikucheki, au labda nakucheka kidogo. Ninachosema ni kwamba usije huku na mkono wenye joto la dhahabu ukadhani utamtoa mtoto wodini kama unavyotoa jiwe, umpeleke kwa yule mtaalamu wa ng'ambo ya mpaka unayemsifia. Najua unafanya kwa uchungu. Umechoka kukaa mbali na kusikia habari mbaya kwenye simu, na kuchimba ni kazi ambayo mtu anajua anapiga wapi. Huku hujui upige wapi.

Ila ukimtoa sasa, yuko katikati ya dawa. Nimewaona wanaotolewa katikati. Kwenye kitanda cha dirishani palikuwa na mvulana wa kusini, baba yake alisema amepona, nywele zimeanza kuota, akamchukua. Waliporudi ugonjwa ulikuwa umezoea zile dawa. Sitakuandikia kilichofuata. Naogopa, kaka. Mimi ambaye nafanya kazi hii kila siku naogopa kama mtu asiyeijua.

Kwa hiyo nitasema neno ambalo sijawahi kulisema tangu niolewe. Ng'ombe walioingia kwetu kwa ajili yangu, wewe ndiye uliyewatoa kwenda Machochwe kumuoa Bhoke, huyu Mama Ghati. Kwa mila yetu nina sauti kwenye nyumba yako, na wazee wakiulizwa hawatabisha. Sikuwahi kuitumia sauti hiyo. Mlipojenga sikusema, mlipohama sikusema, ulipouza ulivyouza nilinyamaza. Leo naitumia. Ghati anabaki hapa mpaka amalize dawa. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, nitavumilia. Mke wako asiulizwe juu ya hili, hakuniomba niandike.

Nimemaliza ukali. Sasa nakuomba, na hii naomba kama mdogo wako.

Njoo. Usije kumchukua, njoo tu. Tunapofungua plasta ya mrija sote tunavaa barakoa, na mtoto lazima ageuzie uso upande wa pili, asipumulie kidonda wala asikohoe juu yake. Ghati hawezi. Anataka kuona, anageuka, anauliza maswali, Mwanahawa anasimama na mikono juu anangoja, tunaanza upya. Mama yake akimshika anamwonea huruma na kumwachia. Nimemshika mimi akaniambia nanuka hospitali. Jana Mwanahawa akamuuliza, "Basi wewe unataka ushikwe na nani?" Hakufikiri hata kidogo. Akakutaja wewe baba yake: "Tata. Mikono yake mikubwa, nitaona yeye tu."

Ukifika utanawa mpaka viwikoni, kwa sabuni, na kucha utazikata fupi. Hiyo zebaki na tope la shimoni sitaki kuviona. Utavaa barakoa, utakaa upande wake wa kulia, utashika uso wake uelekee kwako, utamwambia hadithi yoyote, hata ya uongo, hata ya dhahabu. Ni kazi ya muda mfupi na hakuna mwingine hapa anayeiweza. Na utakiona kile kidonda kwa macho yako, si kwa kusimuliwa. Kama baada ya kukiona bado unataka kumchukua, utaniambia mimi hapo hapo, mbele yake.

Nisalimie mama, mwambie magoti ayakande kwa maji ya moto na aache kubeba ndoo, wajukuu wapo. Nisalimie baba mdogo na umwambie ile redio nitamtafutia. Shangazi wa Machochwe, mama mkwe wako anamjua, apewe salamu za pekee kwa maombi yake. Mjumbe wa nyumba kumi naye, na mke mdogo wa jirani yetu aliyejifungua. Wenzako wa shimoni wasalimie pia, waambie nawaombea kamba zisikatike. Shemeji yako hapa anakusalimu na anasema godoro la mgeni lipo.

Mwalimu anangoja bahasha, ngoja nifunge. Jumatatu asubuhi plasta itafunguliwa, uwe umefika au hujafika, kidonda hakijui ratiba ya mabasi. Ghati ameshauliza mara tatu leo nani atamshika. Nimemwambia yuko njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Wegesa